Dawa tatu za sonona, dereva mmoja

Mimi ni dereva wa semi. Nabeba mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Lubumbashi, na kazi hii ndiyo iliyosomesha wanangu. Naandika kwa ajili ya mtu aliyeandikiwa dawa ya sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni ambao wengine wanauita depresheni, akaanza kuulizia mtaani ipi ni nzuri. Na mimi niliulizia. Nikaambiwa hii inanenepesha, ile inamaliza nguvu za kiume, ile nyingine ukiianza hutoki. Kila jibu lilikuwa na ukweli ndani yake na hakuna hata moja lililonifaa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kwanza ninafanya kazi gani, ninatumia dawa nyingine zipi, na usiku ninalala wapi.

Mama alifariki, tukamzika Muheza, nikarudi barabarani kabla arobaini haijafika kwa kuwa tajiri hasubiri na mzigo hausubiri. Kilio hakikuja. Kilichokuja ni uchovu. Nikawa naamka saa tisa usiku, kifua kimebana, nasikiliza jenereta za yadi mpaka alfajiri. Chakula kikapoteza ladha. Mke wangu akiniongelesha, jibu linatoka kesho yake. Nilipimwa malaria nikaambiwa wadudu wapo wachache, nikapewa dozi. Nikapimwa taifodi, nikaambiwa ipo, nikachomwa sindano. Halafu ikaja zamu ya vidonda vya tumbo. Pesa niliyoiacha kwenye vipimo vya magonjwa ambayo sikuwa nayo ingenunua tairi la mbele, na tairi la semi si bei ya mchezo. Shemeji yangu akanipeleka kwa shehe, nikanywa kombe. Shehe yule hakuchukua hata senti, na siku zile yeye peke yake ndiye aliyeniuliza habari za mama.

Kilichonishtua ni Kitonga. Mlima ule naufahamu kona kwa kona. Safari moja, nikiwa nashuka, nikajikuta naogopa kingo zake kwa sababu isiyohusiana na breki. Nilipofika Ruaha Mbuyuni nikaegesha, nikamwambia utingo akale, nikampigia simu mdogo wangu wa kike ambaye ni muuguzi. Nilimweleza wazi nilichokuwa nimekiwaza kule juu. Hakulia wala hakunihubiria. Alisema, "Kaka, hiyo ina jina na ina dawa. Usiendeshe tena leo, na ukae na mtu." Kama unasoma haya na wazo la namna hiyo limekupitia, mwambie mtu saa hiyohiyo, aliye karibu nawe, kisha muende hospitali pamoja. Usisubiri liwe kubwa ndipo ulione linastahili kutajwa.

Kliniki ya afya ya akili niliyopelekwa ilikuwa kwenye hospitali ya serikali, na kumwona daktari hakukunigharimu sana. Niliulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona huna thamani, kukosa raha na mambo uliyokuwa ukiyafurahia, mpaka lile la kutamani kufa. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, zinajumlishwa. Nilishangaa kwamba kitu nilichokuwa nakiona ni uvivu wangu kina fomu yake kabisa.

Dawa ya kwanza ilikuwa amitriptilini, vidonge vya miligramu 25, kimoja usiku, halafu viwili, halafu vitatu. Ni dawa ya zamani, imeanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hospitali nyingi zinaitegemea kwa sababu bei yake ni rahisi na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wapo wanaopewa kidogo kidogo kwa ajili ya kipandauso au maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo ukiiona kwa jirani usidhani lazima ana sonona. Daktari wa zamu alikuwa na foleni iliyotoka nje ya mlango. Alinisikiliza, akaandika, akanipa tarehe ya kurudi. Kwenye kadi, sehemu ya kazi ilibaki tupu.

Nisiisingizie dawa ile. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana ya alfajiri, na sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo ilikuwa lini. Ila asubuhi usingizi haukutoka nami kitandani, ulinifuata mpaka kwenye kabini. Mdomo ulikauka hata maji hayakusaidia, nikawa natafuna jojo kama kondakta wa daladala. Choo kikawa kigumu. Mkojo ukawa unasitasita kabla ya kuanza, na baadaye niliambiwa kwamba mzee mwenye tezi dume anaweza kuzibwa kabisa na dawa hii. Maandishi ya karibu, kama ya hati za mzigo, yakawa na ukungu. Nikishuka kabini haraka, kichwa kinazunguka, kwa sababu inashusha presha pale unaposimama ghafla. Ngazi za kabini ya semi si mahali pa kupata kizunguzungu.

Halafu Mikumi. Tuko ndani ya hifadhi, asubuhi, jua limeshatoka, nikasikia utingo anapiga kelele, "Suka! Suka, twiga!" Walikuwa wawili, wamesimama pembeni ya lami wanatutazama, na gari lilikuwa limeshaanza kuwafuata. Sikuwa nimesinzia. Macho yalikuwa wazi, akili ndiyo ilikuwa nyuma. Tukaegesha mbele ya hifadhi, nikamwambia tajiri kwenye simu kwamba gari lina hitilafu, na kwa namna fulani sikumdanganya.

Mdogo wangu alinikataza mambo mawili: kuendesha, na kuikata dawa ghafla. Kuna jambo jingine alilofanya kimyakimya ambalo nililielewa baadaye. Alimpa mke wangu bahasha ya dawa aihifadhi yeye, awe ananipa ya siku chache tu. Amitriptilini ikimezwa kupita kiasi inaharibu mwenendo wa moyo, na hapo inatofautiana sana na dawa mpya, ambazo zikizidishwa hatari yake kwa kawaida ni ndogo zaidi, ingawa nazo si salama. Kwa hiyo nyumba yenye mtu aliyewahi kuwaza kujidhuru, au yenye watoto wadogo wanaookota kila kitu, isiwe na akiba ya dawa hiyo kabatini.

Nikakaa nyumbani bila posho ya safari. Kwetu madereva, usipokwenda hulipwi, na hili daktari yeyote anayempa dereva dawa ya kusinzisha angepaswa kulijua. Nikauza pikipiki. Kwa pesa hiyo nikaenda kliniki ya binafsi, nikalipa shilingi elfu hamsini kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Sikuwa na bima. Bado naona ile elfu hamsini ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote, kwa sababu alitumia muda mwingi kuuliza kabla hajagusa kalamu. Ninafanya kazi gani. Nalala saa ngapi nikiwa safarini. Mirungi? Pombe? Dawa za maumivu, hasa tramadoli? Moyo, presha, sukari, kifafa, ini? Katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili? Na swali moja nililoliona la ajabu: umewahi kupitia siku kadhaa ambazo hulali na huchoki, una mipango mingi, unaongea bila kituo na unatawanya pesa? Nikamwambia hapana. Akaeleza kwamba mtu mwenye historia hiyo huenda ana ugonjwa wa kupanda na kushuka, na akipewa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu, akawa hashikiki. Kumbukeni swali hili, nitalirudia.

Nilimwuliza ipi ni bora. Akatoa simu akanionyesha utafiti wa mwaka 2018 kwenye jarida la Lancet, ulioongozwa na Andrea Cipriani wa Oxford. Walikusanya majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000, wakalinganisha dawa 21. Zote 21 ziliwasaidia watu wazima kuliko kidonge kisicho na dawa ndani, kwa kipindi cha takribani wiki nane. Amitriptilini yangu ilikuwa miongoni mwa zilizofanya kazi vizuri zaidi, na pia miongoni mwa zilizoachwa na watu wengi zaidi njiani. Fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu zilikuwa kwenye kundi ambalo watu walilivumilia. "Kwa wastani hazipishani sana kwa nguvu," aliniambia. "Zinapishana kwa maudhi. Wewe niambie maudhi gani huwezi kuishi nayo kwenye usukani, mimi nitaondoa hizo kwanza."

Nilipenda alivyoligeuza swali. Tukaziondoa moja moja. Mirtazapini inaleta usingizi na njaa, inamfaa aliyekonda na halali, haimfai anayeondoka saa kumi alfajiri. Venlafaksini inaweza kupandisha presha na inasumbua kuiacha. Paroksetini nayo inasumbua kuiacha. Bupropioni haina sana matatizo ya chumbani, lakini inaongeza uwezekano wa degedege, na kuipata hapa kwetu ni kazi. Tukabaki na sertralini.

Nikaanza na nusu kidonge, miligramu 25, kisha 50, asubuhi baada ya chai nzito. Baada ya chai nzito ni maneno ya daktari, na siku niliyoyapuuza nilijuta kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, malori mbele, malori nyuma, tumbo linachafuka na choo kiko mbali. Kichefuchefu na kuhara ndiyo maudhi ya dawa hii mwanzoni. Kwangu yaliisha ndani ya wiki ya pili au ya tatu. Bei ndiyo haikuisha. Kidonge kimoja kilikuwa zaidi ya shilingi elfu moja duka nililonunua, na si kila duka linayo.

Faida haikuja haraka, na hapa ndipo watu wengi wanaikimbia dawa: maudhi yanatangulia, nafuu inafuata. Wiki mbili, tatu, nne, hakuna kitu. Wa kwanza kuona mabadiliko alikuwa utingo. Tuko Makambako tunakula, nikaanza kumbishia kuhusu Simba na Yanga, akaweka kijiko chini akaniangalia. "Suka, umerudi," akasema. Mimi sikuwa nimegundua.

Sasa lile la chumbani, ambalo wanaume tunalinong'oneza. Hamu ipo, mwisho haufiki, au unafika kwa kuchelewa mno mpaka mnachoka nyote wawili. Si mimi peke yangu. Ni jambo la kawaida kwa kundi hili zima la dawa, sertralini, fluoksetini, sitalopramu na nyingine, na linawapata wanawake pia. Mke wangu alidhani nina nyumba ndogo Tunduma. Madereva wenzangu wakanishauri vumbi la Kongo. Namshukuru Mungu sikulilamba, kwa sababu poda zile za mtaani huwezi kujua zimechanganywa na nini, na mimi tayari nilikuwa na dawa mwilini. Nilichofanya ni kwenda na mke wangu kwa daktari siku ya kurudi. Alilizungumza kama anavyozungumza habari za mafua. Tunaweza kusubiri, wengine linapungua lenyewe. Tunaweza kupunguza dozi. Tunaweza kubadili dawa. Wapo wanaopewa dawa ya kusaidia, baada ya moyo kuangaliwa. Mke wangu alitoka mle ndani amepoa, akaniambia njiani, "Baba Rehema, si ungesema tu." Ndoa ngapi zinateteruka kwa jambo ambalo daktari anaweza kulieleza kwa dakika tano?

Sertralini ingebaki dawa yangu kama ningekuwa mwalimu au mshonaji. Iliyonitenganisha nayo ni Kasumbalesa. Wanaoijua mpaka ule wa Zambia na Kongo wanajua: foleni ya malori inaweza kukulaza hapo mpaka ukazoeana na mbwa wa mahali. Nilikuwa nimebeba dawa za safari na akiba kidogo. Foleni ikala akiba. Siku ya pili bila dawa nikawa na kizunguzungu. Ya tatu, kila nikigeuza macho haraka, kitu kama cheche ya umeme kinapita kichwani, zaa, kisha kinatoweka. Ndoto zikawa za ajabu. Nikamfokea utingo kwa ajili ya chumvi, halafu nikalia. Nilidhani sonona imerudi kwa nguvu. Nikavuka kwa miguu kutafuta duka la dawa. Dada wa pale akaangalia boksi tupu, akatikisa kichwa. "Haiko, papa."

Nilimwandikia daktari kwa WhatsApp. Akajibu jioni: hiyo si sonona kurudi, ni mwili unalalamika dawa imekatwa ghafla. Namna ya kutofautisha, alisema, ni wakati na dalili. Sonona inarudi polepole kwa wiki kadhaa. Kukatika kwa dawa kunakuja ndani ya siku chache na kunaleta vitu ambavyo sonona hailetagi, kama zile cheche na kizunguzungu. Nisiendeshe mpaka kichwa kitulie. Siku iliyofuata dereva mwenzangu aliyekuwa anatoka Kitwe akaniletea boksi moja, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka, na kesho yake nikawa mtu.

Tuliporudi Dar, daktari akasema kazi yangu imetuchagulia dawa. Fluoksetini. Hii ndiyo iliyoruhusiwa Marekani Desemba 1987 na kujulikana kwa jina la Prozac, na sifa yake kubwa kwa mtu kama mimi ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu. Yenyewe inachukua siku kadhaa kupungua kwa nusu, na kile ini linachokigeuza kutokana nayo nacho bado kinafanya kazi, kinadumu hata zaidi, wiki moja au mbili. Ukikosa kidonge siku mbili foleni ya mpakani, damu haishtuki. Tena ni ya bei nafuu. Mimi nilikuwa naipata kwa mia mbili hadi mia tatu kidonge, na hospitali ya serikali mara nyingi ipo. Ningeulizwa kazi yangu siku ya kwanza, pengine ningeanzia hapa nilipoishia. Hilo bado linaniuma kidogo.

Ina upande wake wa pili. Kwa kuwa inakaa muda mrefu, ikikukataa nayo haiondoki upesi, na kuna dawa nyingine ambazo huwezi kuzianza mpaka wiki tano zipite tangu uiache. Pia inalizuia ini kuzivunja dawa nyingine, amitriptilini ikiwemo, kwa hiyo ukiwa na masalia ya dawa ya zamani kabatini usijichanganyie. Na mwanzo wake kwangu ulikuwa mgumu kwa namna tofauti. Miguu haitulii, mikono inatetemeka kidogo nikishika kikombe, usiku macho kodo. Daktari alikuwa ameshaniambia wiki mbili za kwanza zinaweza kuleta wahka, akanikataza kusafiri, akampa mke wangu namba yake. Ninywe asubuhi, kamwe isiwe jioni. Wahka ukapungua, usingizi ukajipanga. Lile la chumbani halikuisha, ila lilipungua mpaka likawa la kuzungumzika. Uzito haukuongezeka. Miligramu 20 kila asubuhi, na ndipo nilipo mpaka sasa.

Nimejifunza kwamba kwa dereva, hatari kubwa haimo ndani ya kidonge hiki peke yake, imo kwenye vile tunavyovimeza pamoja nacho. Migongo yetu inauma, kila kituo kuna duka linalouza diklofenaki. Dawa hizi za kundi la sertralini na fluoksetini zinafanya damu itoke kwa urahisi, na ukiongeza diklofenaki au ibuprofeni tumbo linaweza kuvuja damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali. Mimi nimehamia parasetamoli. Tramadoli, ambayo wengine wanaimeza ili wasione uchovu, ni mbaya zaidi: ikikutana na dawa za sonona inaongeza uwezekano wa degedege, na inaweza kuleta hali ya jasho jingi, kutetemeka, misuli kukaza, homa na kuchanganyikiwa, ambayo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinapeleka moyo mbio ukiwa tayari unahangaika. Pombe inaongeza usingizi, hasa kwa amitriptilini.

Na malaria, kwa sababu sisi ni watu wa malaria. Nilishikwa na homa Tunduma, kipimo kikaonyesha ipo kweli safari hii. Nilimtajia mhudumu dawa ninayotumia kabla hajaniandikia. Maelezo ya dawa mseto, ile ya artemeta na lumefantrini, yanaonya kuhusu kuitumia pamoja na dawa zinazogusa mapigo ya moyo, na amitriptilini imetajwa humo. Kwinini nayo inagusa moyo. Malaria lazima itibiwe, hakuna mjadala, lakini anayekutibu lazima ajue umebeba nini. Nimeandika kwenye kikaratasi jina la dawa, miligramu, na namba ya daktari, nimekiweka pamoja na leseni. Cheti cha daktari nacho natembea nacho mipakani. Vidonge havikai kwenye dashibodi, kwa sababu boksi limeandikwa chini ya nyuzi joto 30 na dashibodi ya Mbuyuni saa nane mchana unaweza kukaangia yai.

Baada ya kupona nusu, nikawa mshauri wa ukoo bila kuteuliwa. Nawapeleka tu kliniki, sishauri dawa, lakini nimeona jinsi jibu linavyobadilika kwa kila mtu. Shangazi yangu ana zaidi ya miaka 60 na anatumia vidonge vya presha vya kukojoza. Kwa wazee dawa hizi zinaweza kushusha chumvi ya damu, mzee akachanganyikiwa au akaanguka, kwa hiyo alipimwa damu kwanza. Yeye alipewa sitalopramu na hakuzidishwa miligramu 20, kwa sababu dozi kubwa inavuruga umeme wa moyo na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2011, kisha ikalifafanua mwaka uliofuata. Binamu yangu aliyejifungua akawa analia kutwa na hataki kumgusa mtoto, alipewa ileile sertralini iliyonishinda mimi, kwa kuwa inapita kidogo sana kwenye maziwa. Ananyonyesha na mtoto ana mashavu. Mtoto wa kaka yangu yuko chuo, hajafika miaka 25. Kwa umri huo mamlaka ileile imeweka onyo kali, mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, likapanuliwa 2007 kufika miaka 24: mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo. Hakunyimwa dawa. Aliambiwa asikae peke yake bwenini, na mama yake akahamia kwa dada yake karibu na chuo kwa mwezi mzima.

Wengi wananiuliza nitaacha lini. Daktari alisema niendelee miezi sita hadi tisa tangu nijisikie mzima, si tangu nianze, halafu tupunguze polepole. Hazileti ulevi wa kutaka kuongeza dozi kila siku kama pombe, lakini mwili unazizoea, kama cheche za Kasumbalesa zilivyonifundisha. Ushauri nasaha ningependa niupate zaidi. Nimeupata mara chache, kwa simu, kwa sababu mshauri yuko Dar na mimi niko Chimala. Nilizungumza habari za mama. Ulisaidia kitu ambacho kidonge hakikukigusa.

Juzi yadi dereva mmoja alinivuta pembeni. Ameona nimenawiri, amesikia natumia kitu. "Nigawie hata viwili, kaka, nionje." Nilimwambia hapana, akakasirika kidogo. Kilichonifanya nikatae si ubahili. Mwaka jana sisi sote tulimwona bwana yule kwa wiki nzima halali, ananunulia watu soda kituo kizima, amenunua kiwanja kwa mkopo, anaongea mpaka sauti imekauka, kisha akazima mwezi mzima. Nikamwuliza lile swali la daktari. Akanyamaza, akasema, "Wewe umejuaje?" Nikampa namba. Alikwenda baada ya kushusha mzigo, na hakuandikiwa dawa yangu wala yoyote ya kundi hili. Ameanzishiwa nyingine kabisa, ya kutuliza kupanda na kushuka, na anapimwa damu kila anaporudi kliniki.